Ukingo wa Jicho la Wifi

Watu wakinisikia nikisema kwamba nilimwonea wifi yangu wivu kwa sababu ya jicho, hudhani labda alikuwa na macho mazuri. Hapana. Mungu anisamehe, wifi yangu alikuwa na macho madogo, ya kufinya, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Macho mazuri yalikuwa yangu. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, kule kwetu Chala, alipokuja kupaka chokaa shule ya jirani akanikuta nachota maji. Mimi nilikuwa nimeacha shule hiyo hiyo tangu darasa la tatu, basi hata ukuta wake sikuwa nautazama tena, lakini yeye nilimtazama.

Wivu wangu ulikuwa wa kipande tu. Kipande chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, kilichokatwa kwenye ukingo wa jicho la wifi kikapandwa kwenye jicho la mume wangu. Mwaka kamili msiniulize. Ilikuwa miaka ya tisini, baada ya ile mvua kubwa iliyobeba madaraja. Mimi miaka huihesabu kwa mvua na kwa watoto, na watoto wangu nao walizaliwa ovyo ovyo.

Nianze na chokaa. Sisemi rangi ya mkebe ya siku hizi. Nasema chokaa yenyewe, inayokuja mawe mawe. Unaitia kwenye pipa, unaimwagia maji, halafu unakaa kando, maana itachemka bila moto, itanguruma na kutema kama chungu cha uji. Krismasi ikikaribia, na Idi pia, wenye maduka pale Voi wote walimtaka mume wangu, Waislamu kwa Wakristo, kwa sababu vumbi letu jekundu halijui dini. Mara nyingine alikuwa akimaliza ukuta wa mwisho, wa kwanza umeshakuwa mwekundu, na mwenye duka anamwita tena. Akirudi nyumbani kwetu Mbololo jioni amekuwa mweupe hadi kope, watoto wanamkimbia wakicheka.

Siku ya mkasa wenyewe alikuwa nyuma ya duka moja la nguo. Akainama kuangalia kama chokaa imeiva. Pipa likatema, likampata macho yote mawili.

Sasa hapa ndipo mafundi wa chokaa walipokosea, na ni kosa ambalo wewe usiyejua chokaa usingelifanya. Wewe ungekimbilia maji. Wao walijua mno kwamba chokaa ikikutana na maji huchemka. Si ndiyo kazi yao ya kila siku? Mwenzake aliposhika ndoo, mume wangu mwenyewe akapiga kelele, amefumba macho, "Maji hapana! Maji hapana, mtanipika!" Wakamtia mafuta ya kupikia. Wakamfunga kitambaa. Wakamtembeza hadi hospitali polepole, wamemshika huku na huku kama bwana harusi. Muuguzi alipofungua kile kitambaa akashika kichwa.

"Nani alimnyima maji huyu?"

"Mimi mwenyewe," akasema mume wangu.

"Hata ya mtaro, baba! Hata ya mtaro mngemmwagia!"

Akamwosha kwa maji ya dripu, chupa juu ya chupa, lakini chokaa ilikuwa imeshakula. Jicho la kulia lilinywea likafa. La kushoto lilibaki, ila baada ya muda utando mwekundu wenye mishipa ulipanda juu ya kioo cha jicho kama majani yanavyofunika kisima kilichoachwa. Akawa anajua huu ni mwanga na hili ni giza, basi.

Na sasa niseme neno ambalo wanawake wenzangu wengine hulijua wakanyamaza. Nililia, ndiyo, nilimwombea, ndiyo, lakini katika siku zile za giza lake nilikuwa na raha yangu ndogo. Mume wangu alikuwa mtu wa watu. Kabla ya chokaa kumpata, ukitembea naye Voi husogei, kila mlango una mwanamke anamsalimu kwa jina. Sasa alikuwa wangu. Nilimshika mkono wa kulia, namwambia hapa kuna jiwe, hapa kuna mfereji. "Mama watoto, nani huyo anapita?" Nikitaka apite mtu, alipita. Nisipotaka, nilisema ni mbuzi.

Mtu mmoja tu ndiye sikuweza kumfanya mbuzi, naye ni huyo wifi. Alikuwa dada yake anayemfuata mgongoni, ameolewa juu kule Mghange, mume wake amekufa, watoto wametawanyika. Alikuwa akishuka na lori la kabeji kuja kutuona. Hata mbwa hajabweka, mume wangu ananyanyua kichwa. "Huyo ni dada." Na kweli ni dada. Mimi nilikaa naye nyumba moja nikapika na kufua, lakini nikiingia kimya aliuliza, "Nani?" Wifi hakuulizwa nani hata siku moja. Mama mkwe aliliona hilo, akasema, "Walibebwa mgongo mmoja hao." Nikaenda kupuliza moto.

Basi akaja daktari wa macho. Alikuwa mgeni, si wa Voi, alikuja mara moja moja na foleni ikafika hadi langoni. Alimlaza mume wangu, akammulika, akakaa kitako akatueleza pole pole, mimi na mama mkwe, kama anayefundisha watu kilimo.

"Jicho lina kitalu," akasema. "Pale weupe unapokutana na weusi, ule ukingo, ndipo miche inapokaa. Ngozi ya kioo cha jicho huchakaa kila siku, na miche hutoka ukingoni kwenda kuziba. Chokaa imechoma kitalu. Miche hakuna. Ndiyo maana magugu yamepanda."

"Si umbandike kioo kipya?" nikauliza.

"Nikibandika kioo bila kitalu, mama, magugu yatarudi. Lazima kwanza tupate ukingo wenye miche, tuupande, ukishika ndipo kioo kitakuwa safi."

Mjukuu wangu aliyesoma aliniambia juzi kwamba ile miche inaitwa seli shina, na siku hizi wanaweza kuichukua kidogo, kuikuza chomboni na kuihifadhi kwenye baridi hata watakapoihitaji. Nikamwambia, mwanangu, mimi nilizijua kabla mama yako hajaolewa, tena zilinikosesha usingizi.

Nilimwambia daktari palepale, "Chukua kwangu." Nikavuta hata kope chini aone.

"Asante mama, lakini tunatafuta ndugu wa damu. Mwili hukataa nyama ya mgeni."

"Mgeni! Daktari, nimemzalia huyu mtu mpaka nimechoka, na bado mimi ni mgeni?"

Foleni nzima ikacheka. Daktari naye akacheka. Hao niliwasamehe. Lakini mume wangu pale kitandani, macho yamefumba, naye alicheka, na kicheko hicho mpaka leo ninacho.

Daktari akasema kuna njia nyingine. Kama ndugu hayupo, kuna macho ya marehemu, watu walioacha ruhusa macho yao yatumike. Huwekwa kwenye baridi huko Nairobi, yakingoja mwenye shida. Dawa yake ya baadaye huwa nyingi zaidi, akasema, lakini inawezekana.

Mimi roho yangu ikaruka. Hiyo hiyo! Ya baridi! Ikiwa mimi sitakiwi, basi na iwe ya mtu asiye wa mtu. Maiti ametoa jicho lake akaenda zake. Haji kukaa kwako akakwambia chumvi imezidi.

Mama mkwe akagonga fimbo sakafuni. "Hapana."

Inabidi mjue, kwa hawa Wadawida, kabila la mume wangu, zamani mzee akishazikwa, baada ya muda kichwa chake kilifukuliwa kikawekwa pangoni, kwenye mwamba, pamoja na vichwa vya babu zake, vimepangwa safu. Sisi Wataveta kule Chala hatukuwa na hayo ndani ya nyumba yetu. Kanisa liliyakomesha, na mama mkwe alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kwaya, mstari wa mbele. Lakini pango la kwao alilijua, na vichwa vilivyomo alivijua kwa majina. Kwake kichwa cha mtu kina wenyewe.

"Huyo wa baridi," akamwuliza daktari, "kichwa chake kiko wapi? Kiko na watu gani?"

"Amezikwa na jamaa zake, mama. Alikubali mwenyewe kwa hiari yake."

"Alikubali akiwa hai. Umemwuliza sasa?"

Daktari akazima tochi yake. Angekuwa na jibu, maisha yangu yangekwenda vingine.

Wifi akaitwa. Alishuka kutoka Mghange wiki ile ile, na kapu hajatua akauliza, "Likatwe upande gani?" Hivyo tu. Hakusema naogopa, hakusema nifikirie. Jumapili kanisani wakatangaza mapenzi ya dada kwa kaka yake, watu wakapiga makofi. Nami nilikuwa nimekaa nyuma na macho yangu mazuri niliyoyatoa kabla ya mtu yeyote, na hakuna aliyetangaza.

Wakaenda Nairobi kwa treni. Anayekatiwa na anayekatwa, basi. Hapakuwa na nafasi ya msindikizaji, tena ng'ombe wangechungwa na nani? Nikawasindikiza mpaka stesheni ya Voi nimebeba kimanga, muhogo na maharagwe niliyoyaponda mwenyewe mpaka yakawa laini kama siagi. Nikataka kumpa mume wangu, nikaona mkono wake haupo. Wifi alikuwa ameushika, tena wa kushoto. Mimi nilikuwa namshika wa kulia siku zote. Nikatazama wakipanda ngazi na nikaona hata kupanda alipanda vingine, kwa wepesi. Kimanga nikamkabidhi wifi.

Walikaa huko mpaka mahindi yakatoa ndevu. Habari ilikuja kwa simu ya dukani: imeshika. Nilipiga vigelegele barabarani kama watu wengine, na vilikuwa vigelegele vya kweli, sitaki mnifikirie vibaya. Nilitaka aone. Nilitaka aone, halafu kitu atakachokiona kiwe mimi.

Treni ilifika asubuhi. Akashuka peke yake, hajashikwa na mtu, amevaa miwani nyeusi. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, nimesuka. Akavua miwani, akanitazama kwa jicho lile moja, polepole, juu mpaka chini, akatabasamu.

"Mama watoto," akasema, "kumbe una mvi!"

Wifi nyuma yake akaangua kicheko mpaka akaegemea mizigo.

Sikusubiri tufike nyumbani. Njiani nikamwuliza, "Walipofungua kitambaa, uliona nini kwanza?"

"Dada," akasema. "Amekaa kwenye kiti, amesinzia, mdomo wazi, udenda huu hapa!"

Akacheka, na wifi akampiga bega. Nilijaribu kufurahi kwamba alionekana na udenda. Sikuweza. Alivyoutaja huo udenda ungedhani ni ushanga.

Sasa dawa. Kulikuwa na vidonge na matone, na chupa moja ya matone lazima ikae mahali pa baridi. Friji hatukuwa nayo. Niliizika nusu kwenye mchanga wenye maji chini ya mtungi, na daktari baadaye alisema nilifanya vizuri. Lakini aliyefundishwa kutilia matone alikuwa wifi, basi akabaki kwetu. Akaja na blanketi lake. Nikimwomba anifundishe ananipa chupa, anasimama begani kwangu, anapumua. "Wifi, mkono unakutetemeka." Utaachaje kutetemeka mtu akikupulizia shingoni? "Lete hapa, utamtoboa." Na mume wangu amelala kichwa nyuma, shingo wazi kama jogoo wa sikukuu, anamngoja dada.

Halafu yakaanza maneno ya jicho langu. Mwanzoni yalikuwa mzaha.

"Wifi, mchele huu umechaguliwa na nani? Jicho langu limeona jiwe."

"Wifi, jicho langu linasema ukuta huu unataka chokaa."

Siku moja nimevaa gauni la manjano la kwenda harusini, akanizunguka kama anayenunua ng'ombe. "Eh, wifi, jicho langu linasema hiyo rangi haikufai."

"Liambie jicho lako lifumbe," nikamjibu.

Mume wangu akacheka kwa yote mawili, lake na langu. Alikuwa anafurahia kugombaniwa. Mwanamume gani hafurahii? Lakini nilianza kuona aibu ya ajabu. Unaoga, unageuka, unakuta mumeo amesimama mlangoni anakutazama na unapendezwa, halafu unakumbuka ule ukingo ni wa nani. Nikachukua kanga nikajifunika. "Vipi?" akauliza. Ningemwambia nini? Kwamba dada yako ananichungulia?

Siku zikaenda hivyo, mpaka asubuhi moja, Jumapili, akaamka jicho jekundu kama pilipili. Mwanga unamchoma. Akakaa pembeni ya kitanda ameliziba kwa kiganja, akasema kwa sauti ndogo, "Naona ukungu. Unarudi." Sikuwa na wivu dakika ile. Nilimwona tena akipapasa ukuta, na ile raha yangu ndogo ya zamani niliitafuta ndani yangu nisiikute.

"Twende hospitali," nikasema.

"Kliniki ya macho haifunguliwi leo," akasema wifi. "Kesho alfajiri."

Mama mkwe alikuwa ameshafika, fimbo yake imetangulia mlangoni. Akatazama jicho, akatazama nyumba, akatutazama sisi. "Kesho mtakwenda kwa daktari," akasema. "Leo mtatasa. Kuna mtu humu amefunga kitu moyoni."

Kutasa ni hivi. Kwa hawa watu, hasira ya ndugu iliyofichwa moyoni ndiyo hufanya mtoto augue, ng'ombe akauke, jeraha likatae kupona. Mwenye hasira si lazima awe mchawi, tena huenda hajui kwamba anayo. Basi mnakaa pamoja, kila mtu anapiga funda la kinywaji, anakipuliza nje kama mvua, anasema, kama ni mimi niliyekasirika, iende, fulani apone. Zamani walitumia pombe ya muwa. Mama mkwe, kwa heshima ya kwaya, alitumia maji ya muwa yaliyokamuliwa siku hiyo hiyo.

Tukakaa uani. Kibuyu kikazunguka. Mama mkwe akatasa, mume wangu akatasa kitu kuhusu pipa na mwenzake wa kazi. Kikafika kwa wifi. Akapiga funda, akapuliza, matone yakaonekana kwenye jua.

"Kama nilinung'unika," akasema, "kwamba jicho nililokatwa linatoka machozi kila nikipuliza moto, na linaniwasha, na katika nyumba hii hakuna aliyeniuliza hata siku moja, hasira hiyo iende. Kama nilisema moyoni kwamba nikirudi Mghange nitarudi kwenye nyumba tupu, na hawa wameshapata walichotaka, iende. Kaka apone."

Mume wangu akainamisha kichwa. Mimi sikuwa nimejua kwamba linatoka machozi. Nilikuwa nikimwona anapangusa pale jikoni, nikadhani anaudharau moshi wangu. Mngetarajia nimhurumie, na kidogo nilimhurumia. Lakini zaidi ya hapo niliwaza, hata kutasa amenishinda. Amesema vizuri hivi, mimi nitasema nini baada yake?

Kibuyu kikanijia. Wote wakanigeukia, hata kuku, maana kila mtu pale alijua kilikuwa kinamngoja nani. Mama mkwe akasema taratibu, "Haya, mwanangu."

Walisema ukitasa uongo ni afadhali usitase, maana hasira inarudi ndani ikiwa na meno. Nilijichunguza. Nikapiga funda, likawa tamu mno, nikapuliza.

"Kama nina hasira na mtu hapa, iende," nikasema. "Nimeitafuta na nimeitoa yote niliyoiona. Lakini wivu sitautoa, kwa sababu nikisema nimeutoa nitakuwa nimedanganya. Huyu alitoa nikakataliwa mimi. Huyu alionekana kwanza. Huu wivu ubaki hapa kwangu, tumboni mwangu, ukae na mimi. Usiende kwenye jicho la baba watoto. Jicho lipone."

Nikapuliza funda la pili ambalo hakuna aliyeniagiza.

"Kutasa gani huko?" akauliza mama mkwe. "Mtu anaomba abaki nao?"

"Ni kwa Kitaveta," wifi akasema, na mara akaanza kucheka, safari hii machozi yakimtoka jicho lile. Sijui yalikuwa ya kicheko au ya kidonda. Akanipokonya kibuyu akanywa kilichobaki chote.

Kesho yake alfajiri tulikuwa langoni mwa hospitali, sisi watatu. Yule daktari hakuwepo, lakini muuguzi wa macho alimpigia simu, wakaongea kwa Kiingereza muda mrefu. Ilikuwa kama alivyotuonya mwanzo: mwili umeshtuka kwamba kuna mgeni ukaanza kumfukuza. Damu moja, mgongo mmoja, na bado mgeni! Hiyo, sitaficha, niliipokea kama zawadi. Nikamwangalia wifi kwa pembe ya jicho, naye akajua ninachowaza, akaangalia dirishani.

Muuguzi akaongeza nguvu ya matone na idadi ya vidonge. Akasema jicho likipona, dawa haiachwi. Ni ya maisha. Miche inaishi mradi inalindwa. "Sasa nani humtilia matone?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema wifi, kwa pumzi ile ile.

Muuguzi akatutazama sote wawili. Alikuwa mwanamke wa makamo, nadhani naye alikuwa na wifi. Akageukia mume wangu, akamwekea chupa mkononi. "Baba, jicho ni lako. Jitilie mwenyewe nione."

Akalala. Tone la kwanza likaangukia shavuni. La pili kwenye nyusi.

"Anaimwaga," akasema wifi, mkono umeshanyanyuka.

"Mwache," nikasema.

La tatu likaingia. Akapepesa, akakaa, akatabasamu kama mtoto aliyefunga vifungo vyake mwenyewe. Wanawake wawili tukasimama pale mikono imening'inia, hatuna kazi.

Jicho lilipoa, siku baada ya siku. Halikurudi kuwa kama lilivyokuwa siku ya treni. Lilibaki kama kioo kilichopanguswa kwa kitambaa chenye mafuta: alimjua mtu akiwa karibu, alitembea bila fimbo, mchele hakuweza kuuchagua. Ikatosha. Kila asubuhi alikwenda mwenyewe kwenye mchanga wa mtungi, akachukua chupa yake, na hakumwita yeyote kati yetu.

Basi wifi hakuwa na cha kukaa. Nilimfungia njugu na kitenge, kitenge kizuri, si cha kumfukuzia. Akasema, "Wifi, ukimlisha vibaya nitajua." Nikasema, "Utajuaje, na wewe hukuacha jicho ila ukingo?" Tukacheka, tena tulikumbatiana, na kila mmoja alimfinya mwenzake zaidi kidogo kuliko inavyopasa.

Lori la kabeji lilikuwa linarudi juu tupu. Akapanda mbele na dereva. Mimi na mume wangu tukasimama kando ya barabara, ameweka kiganja juu ya jicho kuzuia jua. Lori likaondoka, likapita miti ya katani, likapinda, vumbi likainuka nyuma yake jekundu na zito. Mimi, na macho yangu mazima, nilibaki kuona vumbi tu, halafu hata vumbi likalala. Yeye bado amesimama, kiganja juu.

"Unamwona bado?" nikamwuliza.

"Namwona," akasema.

Nikasimama naye mpaka aliposhusha mkono.